Waliombewa Nini? Historia ya Haja za Maombi za Kanisa la Anglikana katika Chaco

Katika ibada za asubuhi za vyuo vyetu vya theolojia kuna karatasi ambayo mwanafunzi wa zamu huisoma kabla ya Sala ya Bwana. Tunaombwa tuwakumbuke wagonjwa, watawala, wasafiri, na kisha wale wanaoeneza Injili katika nchi za mbali. Mara nyingine nchi hiyo hutajwa kwa jina. Sisi tulioketi mabenchini tunaitikia kama ilivyo desturi, bila kujua kama huko ni milimani au tambarare, wala ni nani aliyeandika kwamba watu wa huko wana haja ya jambo hili na si lile. Mimi mwenyewe nimeitikia hivyo kwa miaka mingi, na kwa moyo safi. Lakini mwalimu wa historia ya Kanisa ana kasoro moja: kila akishikishwa karatasi, hutaka kumjua mwandishi wake.

Makala haya yanauliza swali hilo kwa habari za kanisa moja tu, yaani Kanisa la Anglikana miongoni mwa wenyeji wa asili wa Chaco. Chaco ni tambarare kubwa iliyo kati ya Ajentina, Paragwai na Bolivia, nchi ya misitu ya miiba na mitende, ambayo hukauka kabisa kwa miezi mingi na kisha kufurika maji. Mito yake mikuu ni Pilcomayo na Bermejo. Hapo tangu zamani wamekaa Wawichí, Waenxet, Wasanapaná, Wachorote, Wanivaclé, Watoba na wengineo, watu wa kuwinda, kuvua samaki, kukusanya matunda ya mwituni na kulima kidogo. Msomaji akikutana na majina "Mataco" na "Lengua" katika vitabu vya wamisionari wa kale, ajue kwamba ndio hao Wawichí na Waenxet. Majina yale walipewa na wengine.

Kanisa hilo si kubwa, wala halina uhusiano wa karibu na sisi Walutheri wa Afrika ya Mashariki. Nimelichagua kwa sababu historia yake inaonyesha, kwa uwazi usio wa kawaida, jinsi haja za maombi zinavyoandikwa, na jinsi zinavyoweza kuandikwa na mtu asiyekuwa na haja hizo.

Mkono uliochorwa mwambani

Habari yenyewe haianzii Chaco bali mbali zaidi kusini, katika visiwa vya baridi na upepo viitwavyo Tierra del Fuego. Allen Gardiner alikuwa afisa wa jeshi la maji la Uingereza aliyeacha kazi hiyo ili ahubiri Injili. Kabla ya kwenda Amerika ya Kusini alifika kwetu Afrika: mwaka 1835 alikuwa Natal na katika nchi ya Wazulu, akiomba ruhusa ya mfalme Dingane, na kilima cha Berea katika mji wa Durban kilipata jina lake kutokana na kituo chake cha misioni. Mwaka 1844 aliunda chama kilichoitwa Misioni ya Patagonia, ambacho baadaye kilijulikana kama Chama cha Misioni cha Amerika ya Kusini.

Mwezi wa Desemba 1850 Gardiner na wenzake sita walishushwa pwani ya Tierra del Fuego. Baruti yao ilisahauliwa katika meli, kwa hiyo hawakuweza kuwinda. Wenyeji waliwatisha, nao wakajificha katika ghuba iliyojulikana kama Spaniard Harbour, wakingoja chombo cha kuwaletea chakula. Chombo kilichelewa. Walikufa mmoja baada ya mwingine kwa njaa na ugonjwa, na Gardiner alikata roho mwezi wa Septemba 1851. Waliofika baadaye walikuta mkono umechorwa juu ya mwamba, na chini yake imeandikwa Zaburi 62:5-8, zaburi ya mtu anayemngojea Mungu kwa kunyamaza. Ulikuwa unaelekeza mahali walipolala.

Habari hizo zilipofika Uingereza mwaka 1852 ziliwagusa watu sana. Fedha zikapatikana, watu wakajitolea, na mwaka 1854 chama kikaanza kuchapisha gazeti la kuwapasha waombaji habari. Jina la gazeti hilo lilikuwa, kwa lugha yetu, Sauti ya Huruma kwa Amerika ya Kusini. Naomba msomaji asimame kidogo juu ya jina hilo. Huruma inayotajwa ni ya msomaji wa Uingereza, na sauti nayo ni yake. Wanaohurumiwa wako ndani ya gazeti, wala hawasemi. Hilo sikulitunga ili kuwashitaki watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya imani yao. Ndivyo magazeti ya misioni yalivyokuwa wakati ule, hata yale ya Kijerumani yaliyowaandalia njia wamisionari wetu sisi. Lakini mwandishi wa karatasi ya maombi tumekwisha kumpata.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Kituo kilianzishwa mwaka 1855 katika kisiwa cha Keppel, Falkland, ili vijana wa kabila la Wayámana waletwe huko wafundishwe. Tarehe 6 Novemba 1859, siku ya Jumapili, wamisionari na mabaharia waliokuwa wamekwenda Wulaia waliuawa wakiwa katika ibada. Mpishi wao, Alfred Coles, ndiye pekee aliyesalia. Kijana aitwaye Thomas Bridges, mwana wa kulea wa kiongozi wa misioni, alibaki Keppel akajifunza Kiyámana mpaka akakisema kama mwenyeji. Mwaka 1869 Waite Stirling aliishi peke yake kwa miezi kadhaa huko Ushuaia miongoni mwa Wayámana, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Falkland.

Sasa maombi yalianza kujibiwa. Amani ilipatikana, watu wakabatizwa, na Bridges akakusanya kamusi ya Kiyámana yenye maneno kama 32,000. Injili ya Luka ilichapishwa kwa lugha hiyo mwaka 1881, Matendo ya Mitume mwaka 1883, na Injili ya Yohana mwaka 1886. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1884, Bridges aliwahesabu Wayámana akapata watu 1,000. Mwaka huohuo serikali ya Ajentina ilifungua kituo chake Ushuaia, na pamoja na wageni ilikuja surua. Miaka miwili baadaye hawakufika 400. Yohana alitoka mtambo wa uchapaji katika mwaka ambao watu waliokuwa wasome kitabu hicho walikuwa wamepungua zaidi ya nusu.

Bridges mwenyewe aliacha kazi ya misioni mwaka 1886 akaenda kuomba ardhi kwa serikali, akaanzisha shamba la Harberton. Misioni iliendelea bila yeye, ikihamishwa kisiwa hata kisiwa, ikafungwa mwaka 1916. Mtu wa mwisho aliyekuwa na Kiyámana kama lugha ya mama, Bibi Cristina Calderón, alifariki nchini Chile tarehe 16 Februari 2022. Katika madarasa yetu ya misiolojia habari ya Gardiner husimuliwa hadi kwenye ule mkono mwambani, na hapo mwalimu hufunga daftari. Nimefanya hivyo mimi pia.

Ardhi iliyouzwa London

Chaco ilikuwa habari nyingine. Paragwai ilikuwa imeharibiwa na vita ya 1864 hadi 1870, ikabaki na madeni makubwa. Kati ya mwaka 1885 na 1887 serikali iliuza sehemu kubwa ya Chaco, kama theluthi mbili yake, katika soko la hisa la London. Wanunuzi hawakuwa wameiona. Waenxet na jirani zao waliokuwa wakiwinda na kuvua juu ya ardhi hiyo hawakujua kwamba imeuzwa, na wengi wao hawakujua kwa miaka mingi baadaye. Walikuja kujua seng'enge ilipofika.

Mwaka 1889 Chama cha Misioni kilimtuma huko kijana Mskoti, Wilfrid Barbrooke Grubb. Hatuna budi kumtendea haki mtu huyu. Aliishi na Waenxet katika kambi zao, akala chakula chao, akalala palipolala wao, akajifunza lugha yao. Mwaka 1897 mtu mmoja aitwaye Poit, aliyekuwa amempa kazi na ambaye alikuwa ameiba mali ya misioni, alimpiga mshale mgongoni akamwacha msituni akidhani atakufa. Grubb alipona. Waenxet wenyewe walimhukumu Poit wakamwua, ingawa Grubb alimwombea asiuawe. Mwaka 1899 wakabatizwa Wakristo wa kwanza wawili, nao wakaitwa Filipo na Yakobo. Kwa watu wa Uingereza waliokuwa wakiomba kila juma kwa muda wa miaka kumi, hilo lilikuwa jibu, na nani atasema halikuwa?

Walakini mtu huyohuyo alikuwa na cheo kingine. Mwaka 1892 serikali ya Paragwai ilimteua kuwa kamishna wa Chaco na "mtuliza-Wahindi", maana wakati ule wenyeji wote wa Amerika waliitwa Wahindi. Maneno hayo mawili, kuhubiri na kutuliza, yalikaa katika mtu mmoja. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ilipokuwa ikichunguza madai ya Waenxet, iliandika jambo hilo wazi katika hukumu yake: kwamba misioni za Kianglikana zilifuata ununuzi wa ardhi, kwamba kituo cha Makxawaya kilianzishwa mwaka 1907, na kwamba kazi hiyo ilisaidia kuwatuliza wenyeji na kurahisisha kuajiriwa kwao katika mashamba ya ng'ombe. Si kawaida kwa historia ya Kanisa kuandikwa na majaji. Ikiwa wanahistoria wa Kanisa hawakuiandika hivyo kwanza, lawama si ya majaji.

Ninajiuliza mara nyingi jinsi waombaji wa Uingereza walivyoelewa neno lile, kutulizwa. Mtu akiomba kwamba kabila fulani liwe na amani, anaomba jambo jema kabisa. Lakini amani hiyo ni kati ya nani na nani, na juu ya ardhi ya nani? Mwenye hisa London na mwombaji London wangeweza kukaa benchi moja kanisani, wakaitikia pamoja, kila mmoja akiwa na maana yake.

Upande wa Ajentina kazi ilianza kupitia mashamba ya miwa. Wawichí na jirani zao walikuwa wakitembea mamia ya kilometa kila mwaka kwenda kukata miwa katika mikoa ya Salta na Jujuy. Katika mwaka wa 1911 wamisionari walifika katika shamba la La Esperanza, mali ya ndugu wa Kiingereza walioitwa Leach, na huko waliwaona Wawichí kwa mara ya kwanza kwa wingi. Mwaka 1914 wakafungua kituo cha Algarrobal karibu na mto Bermejo, kijulikanacho mpaka leo kama Misión Chaqueña. Vituo vingine vikafuata kando ya Pilcomayo katika miaka ya 1920 hadi 1940, miongoni mwavyo San Andrés, Santa María na La Paz.

Kwa nini watu walikuja kukaa misioni? Jeshi la Ajentina lilikuwa limefanya kampeni za kuitwaa Chaco tangu 1884 mpaka 1911. Huko Napalpí mwezi wa Julai 1924 polisi na walowezi waliwaua Waqom na Wamocoví waliogoma kazi ya pamba, mamia ya watu, na mwaka 2022 mahakama ya Ajentina iliamua kwamba hilo lilikuwa kosa dhidi ya ubinadamu. Palipokuwa na mmisionari, askari hakupiga risasi kwa urahisi. Basi watu walikuja wakiwa na ombi lao wenyewe, nalo lilikuwa usalama. Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo uongofu wao haukuwa wa kweli. Sikubaliani nao. Aliyekimbilia kanisani kwa kuogopa bunduki naye amekimbilia kanisani, na Zaburi zetu zimejaa watu wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba katika barua zilizokwenda Uingereza sababu hizi mbili hazikupata nafasi sawa.

Na mtu asidhani kwamba watu hao walifika mikono mitupu kwa habari za roho. John Palmer, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa na Wawichí kwa miaka mingi, ameeleza neno lao husek, ambalo ni nia njema ndani ya mtu, ile inayomwezesha kuishi na wenzake bila ukali. Watu wenye neno kama hilo wanaposikia kwamba Mungu ana nia njema kwa wanadamu, hawalisikii kama jambo geni kabisa.

Urithi

Kufikia miaka ya 1970 Kanisa la Chaco lilikuwa limebadilika. Mashine zilikuwa zimechukua kazi ya kukata miwa, na safari za kwenda mashambani zikakoma. Agano Jipya lilikuwa linasomwa kwa Kiwichí. Makanisa ya vijijini yaliongozwa na wachungaji wenyeji, na mwaka 1975 Mario Mariño, Mwichí, akawekwa wakfu kuwa Askofu Msaidizi katika Ajentina ya Kaskazini.

Katika Paragwai, mwaka 1979, Kanisa la Anglikana lilianzisha mpango ulioitwa La Herencia, maana yake Urithi. Kusudi lake lilikuwa kununua ardhi na kuwapa Waenxet na jirani zao waliokuwa wakiishi kama vibarua katika mashamba ya ng'ombe. Naliona tendo hili kuwa mojawapo ya matendo bora katika historia yote ya misioni ile. Kanisa lililoingia nyuma ya wanunuzi wa London sasa lilikuwa likinunua ardhi ile ili kuirudisha. Kama toba ina matunda, hayo ni matunda.

Lakini tazama kilichotokea. Jamaa ya Yakye Axa, ambayo jina lake maana yake ni Kisiwa cha Mitende, ilihamia mwanzoni mwa mwaka 1986 katika shamba lililonunuliwa la El Estribo. Nchi ile haikuwa kama nchi yao. Maji yalikuwa machache, chakula walichokizoea hakikuwapo, na watoto kwa wazee walikufa. Tena pale walikuwa wageni miongoni mwa jamaa nyingine zilizo na viongozi wao. Mwaka 1993 waliamua kudai nchi yao wenyewe kwa sheria, na mwaka 1996 walitoka El Estribo wakaenda kukaa kando ya barabara iendayo Concepción, mbele ya uzio wa shamba la Loma Verde. Nchi yao ilikuwa upande wa pili wa seng'enge. Waliweza kuiona. Hawakuruhusiwa kuingia kuwinda wala kuteka maji. Walikaa hapo barabarani miaka na miaka, na mwaka 1999 serikali yenyewe ilitangaza hali ya dharura kwa ajili yao.

Tarehe 17 Juni 2005 Mahakama ya nchi za Amerika iliamua kwamba Paragwai imewakosea. Mwaka uliofuata ikaamua vivyo hivyo kwa jamaa ya Sawhoyamaxa, na mwaka 2010 kwa Xákmok Kásek. Sawhoyamaxa walipata sheria ya kuwarudishia hekta 14,404 mwaka 2014, miaka minane baada ya hukumu.

Hapa ndipo mwanatheolojia anapaswa kukaa. La Herencia hawakukosa upendo, wala fedha, wala imani. Waliona haja ya ardhi. Lakini kwa Yakye Axa "ardhi" haikuwa hekta kadhaa popote zinapopatikana kwa bei nzuri. Ilikuwa mahali fulani, penye makaburi fulani na maji fulani. Mtu anaweza kuomba kwa usahihi na bado akaomba kitu ambacho mwenziwe hakukiomba. Katika shughuli za misaada jambo hilo huitwa kosa la mipango. Nadhani lilianza mapema zaidi, katika karatasi ya maombi.

Ardhi Yetu

Karibu na mto Pilcomayo, katika mkoa wa Salta, mambo yalikwenda kwa njia tofauti. Huko ardhi ilikuwa ya serikali, vitalu viwili vinavyojulikana kwa namba 55 na 14, hekta kama 643,000 kwa pamoja. Walowezi wafugaji waitwao wakriolo walikuwa wameingia na ng'ombe wao tangu mwanzo wa karne ya 20. Ng'ombe walikula nyasi na maganda ya miti ambayo wenyeji waliyategemea, uzio ukaongezeka, na miti ikakatwa.

Serikali ya mkoa ilipotaka kuigawa ardhi ile vipande vipande, wenyeji walikataa. Walitaka hati moja, bila mipaka ya ndani, kwa jamaa zote pamoja, maana anayevua samaki hapa huwinda kule na huokota matunda mahali pengine. Wafanyakazi wa Kanisa waliwasaidia, lakini waliosema walikuwa wenyeji wenyewe. Mwaka 1992 waliunda chama chao wakakiita Lhaka Honhat, yaani Ardhi Yetu, na mratibu wake akawa Francisco Pérez, Mwichí. Linganisha jina hilo na lile la gazeti la 1854, nawe utaona kwamba sauti imepata mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1992, mwezi wa Februari, kipindupindu kiliingia Ajentina, na mahali pa kwanza kilipoonekana ni Salta, miongoni mwa wenyeji wa mtoni. Mwaka 1996 serikali ilikuwa ikijenga daraja la kimataifa kuvuka Pilcomayo, palepale Misión La Paz, bila kuwauliza waliokaa hapo. Watu walilikalia daraja kwa amani kwa majuma matatu, wakiahidiwa mwishoni kwamba neno la ardhi litashughulikiwa. Halikushughulikiwa, na mwaka 1998 walipeleka madai yao nje ya nchi.

Misión La Paz yenyewe inastahili maneno machache. Wanaisimu wameshangazwa na kijiji hicho. Wachorote, Wanivaclé na Wawichí wanaishi pamoja na kuoana, na desturi ni kwamba mume hazungumzi lugha ya mkewe wala mke ya mumewe. Kila mmoja husema lugha yake, na mwenziwe humwelewa na kumjibu kwa lugha yake mwenyewe. Sijui picha nyingine iliyo bora zaidi ya sala ya maombezi. Kumwombea mwingine si kuchukua maneno yake kinywani mwake. Ni kumsikiliza mpaka umwelewe, kisha kusema kwa ulimi wako.

Sisi Walutheri tunayo nyenzo ya kuwaelewa watu hawa, nayo ipo katika kitabu ambacho kila mtoto wa kipaimara hukibeba. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529 Martin Luther aliuliza riziki ya kila siku ni nini katika Ombi la Nne. Hakujibu kwamba ni mkate. Alitaja chakula na mavazi, kisha nyumba, shamba, mifugo na mali, kisha serikali njema, amani, afya, na hata majirani waaminifu. Tunawakaririsha watoto orodha hiyo, halafu tunapoandika haja za maombi tunatenga "mahitaji ya kiroho" upande mmoja na "mahitaji ya kimwili" upande mwingine, kana kwamba Luther hakuandika kitu. Kwa kipimo cha Ombi la Nne, hati miliki ya vitalu 55 na 14 ni jambo la Sala ya Bwana. Na kwa kuwa majirani wametajwa, wakriolo nao wamo: familia nyingi za wafugaji hao ni maskini, zimezaliwa palepale, na suluhisho linawahitaji wahame na ng'ombe wao. Lhaka Honhat walikaa nao mezani kwa miaka mingi kutafuta mapatano, jambo ambalo lingeweza kuwa rahisi zaidi kama serikali ingekuwa jirani mwaminifu kwa pande zote mbili.

Hukumu ilitolewa tarehe 6 Februari 2020. Mahakama iliamuru jamaa 132 za Wawichí, Wachorote, Watoba, Wanivaclé na Watapiete zipewe hekta 400,000 kwa hati moja, kama walivyoomba, na uzio na ng'ombe viondolewe. Serikali ilipewa miaka 6. Kwa mara ya kwanza katika kesi ya namna hiyo, Mahakama ilitamka kwamba haki ya maji, ya chakula, ya mazingira safi na ya utamaduni zimevunjwa kila moja kwa nafsi yake, wala si kama sehemu tu ya haki ya mali.

Siku chache kabla ya hukumu hiyo, mwishoni mwa Januari 2020, serikali ya Salta ilikuwa imetangaza hali ya dharura katika wilaya za San Martín, Orán na Rivadavia. Watoto wa Kiwichí walikuwa wakifa kwa utapiamlo na kwa kunywa maji mabaya, katika joto la kiangazi cha kusini, miaka 106 baada ya kituo cha Algarrobal kufunguliwa. Katika karatasi ya maombi ya majuma yale, kama ingesomwa katika kanisa letu la chuo, nashindwa kuamua mwanafunzi wa zamu angeyasoma maji yale chini ya kichwa gani.